Mafuta Hasi Stoo, Risiti Pacha na Wakala Asiyelala: Maswali Yenu Kuhusu Mifumo ya Biashara

Barua za mwezi huu zimetoka Singida, Manyoni, Mpwapwa, Kibaigwa na hapa Dodoma mjini, na karibu zote zina wasiwasi mmoja: mfumo ninaotumia unaelekea wapi, na nifanye nini kabla haujaniacha njiani? Kwa wasomaji wapya, tukisema ERP tunamaanisha programu moja inayoshika mauzo, manunuzi, stoo, mishahara na leja (kitabu kikuu cha hesabu) kwa pamoja, ili kaunta ikiuza, stoo ipungue na hesabu ziingie vitabuni bila mhasibu kuandika upya. Barua tumezifupisha.

SWALI: Stoo ya mafuta inasoma hasi

*Habari za kazi, ndugu wataalamu. Tuna kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Tangu tufungiwe mfumo mpya, kila wiki stoo ya mafuta inasoma hasi, karibu asilimia nane ya tulichokamua. Yaani mfumo unasema tumeuza mafuta ambayo hatukuwa nayo! Mtunza stoo anaapa hajakosea. Tena ripoti inaonyesha gharama ya dumu inazidi bei ya sokoni, ilhali hatujafilisika. Aliyetuuzia anasema tuhamie toleo la wingu, lile la kutumia kwa intaneti, tatizo litaisha. Ni kweli?* — Msimamizi wa kiwanda, Singida

JIBU: Si kweli, na huyo mtunza stoo msimlaumu kwanza. Hiyo asilimia nane inajitaja yenyewe. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kilo 0.92 hivi, kwa hiyo dumu la lita 20 lina kilo 18.4, si 20. Mkikamua mkapata kilo 2,500 za mafuta, hizo ni lita 2,717. Sasa fuateni safari ya namba: aliye kwenye mizani anaandika 2,500, mfumo unazipokea kama lita, kaunta inauza madumu 135, yaani lita 2,700. Stoo inabaki hasi 200. Hakuna aliyeiba wala mafuta yaliyozaliana. Kilo zimeitwa lita. Kosa hili mkilihamishia kwenye wingu litawafuata huko huko, tena mtalilipia kila mwezi.

Wekeni kilo kuwa kipimo cha msingi cha mafuta ghafi. Lita na dumu viwe vipimo vya kuuzia, kila kimoja na mgawo wake: lita ni kilo 0.92, dumu ni kilo 18.4. Mifumo mingi haikubali kubadilisha kipimo cha msingi cha bidhaa iliyokwisha kuuzwa, kwa hiyo msigombane nayo. Siku ya kuhesabu stoo, isawazisheni bidhaa ya zamani iwe sifuri, ifungeni, kisha fungueni mpya yenye msimbo mpya. Tangi nalo lipimwe mafuta yakiwa yamepoa. Yakiwa na joto la nyuzi 60 huwa mepesi, karibu kilo 0.89 kwa lita, na kijiti cha kupimia kitawapa lita nyingi kuliko zitakazoingia kwenye madumu kesho yake asubuhi.

Mbegu zipokelewe kwa kilo za mizani. Gunia liandikwe kama idadi tu, kwa ajili ya malipo ya wapakuaji. Gunia la lumbesa na gunia la kawaida hayajawahi kuwa sawa, na mfumo hauoni kwa macho.

Kuna jambo hamkuliuliza ila barua yenu inalidokeza, nalo ni mashudu. Mmesema gharama ya dumu kwenye ripoti inazidi bei ya sokoni ilhali kiwanda hakijafilisika. Pengine fomula yenu ya uzalishaji ina mbegu upande wa kuingia na mafuta peke yake upande wa kutoka. Chukueni mfano, namba ni zetu tu: kilo 10,000 za mbegu kwa shilingi 1,000 kila kilo, umeme na vibarua 800,000, jumla 10,800,000. Zinatoka kilo 2,500 za mafuta, kilo 6,900 za mashudu, na 600 zinapotea kwa unyevu, vumbi na mashapo. Gharama yote ikibebeshwa mafuta, kilo inakuwa shilingi 4,320 na dumu 79,488. Lakini mashudu yakiuzwa kwa 400 yanarudisha 2,760,000. Toeni hiyo kwenye gharama, mafuta yanabaki na 8,040,000, kilo 3,216, dumu 59,174. Tofauti ya zaidi ya elfu ishirini kwa dumu moja inatosha kumfanya mwenye kiwanda afunge mashine yenye faida. Kwa hiyo mashudu yaingizwe kwenye fomula kama zao la pili lenye thamani, na upotevu uwe na mstari wake.

Kila zamu iingize namba zake halisi. Mkiuacha mfumo ujijazie asilimia 25 kila siku, skrubu ya mashine itachakaa, mafuta yataanza kubaki ndani ya mashudu, na ripoti itaendelea kusema mambo ni shwari.

SWALI: Programu ya kununua mara moja inakufa?

*Nasambaza vinywaji Manyoni na vijiji vya jirani. Nina programu niliyonunua mara moja tu, sasa nashauriwa nianze kulipa kwa mwezi. Nisubiri? Na mtandao ukikata nitauzaje?* — Msambazaji, Manyoni

JIBU: Upepo kweli unavuma upande huo. Salesforce ya Marekani ilianzishwa mwaka 1999 ili kuuza programu ya kukodi kupitia intaneti, na wengine wamewafuata mmoja mmoja. SAP ya Ujerumani wametangaza kwamba matengenezo ya kawaida ya mfumo wao wa zamani, ECC, yanakoma mwisho wa 2027, na anayetaka kuendelea hadi 2030 aongeze pesa. Kwa wadogo kama wewe, matoleo ya Pro na Premier ya QuickBooks, programu ya hesabu ya kompyuta ya mezani, yaliacha kuuzwa kwa wateja wapya Marekani tangu mwisho wa Septemba 2024. Programu yako haitazima kesho. Itakachokosa ni marekebisho ya usalama, na siku Windows ikibadilika, itagoma.

Piga hesabu ya miaka mitano, si ya mwezi. Tuseme watumiaji sita kwa shilingi 50,000 kila mmoja: 300,000 kwa mwezi, 18,000,000 kwa miaka mitano. Upande wa pili, leseni 6,000,000, seva 5,000,000, UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika) na betri zake 1,200,000, fundi 1,000,000 kwa mwaka: jumla 17,200,000. Zinakaribiana. Kinachotofautiana ni nani anaamka usiku diski ikifa, na nani ana uwezo wa kukufungia mlango ukichelewa kulipa.

Ndiyo maana mkataba una uzito kuliko bei. Uandikwe kwamba ukiondoka utapewa data yako yote, pamoja na picha za ankara na viambatisho, kwa faili za CSV (majedwali yanayofunguka hata kwa Excel) au nakala kamili ya hifadhidata, ndani ya siku unazozitaja. Siku 30 zinatosha. Uandikwe bei inaweza kupanda mara ngapi na kwa kiasi gani. Na kama muuzaji ni wa hapa nchini, bei iwe kwa shilingi: kanuni za Machi 2025 zimekataza bidhaa na huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni. Anayelipa kampuni ya nje kwa kadi ajue kwamba dola ikipanda, ada yake imepanda bila barua.

Kuhusu mtandao, kumbuka 12 Mei 2024. Nyaya za chini ya bahari zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Minara ilikuwa hai, simu ziliita, ila mwenye seva yake Ulaya hakuifikia. Kwa hiyo dai kaunta inayouza bila intaneti na kuoanisha baadaye, na usikubali kwa maneno. Kabla ya kusaini, chomoa mtandao saa moja, uza bidhaa kumi, rudishia moja, kisha chomeka. Angalia kama mauzo yote kumi yamepanda, kama lile la kurudishwa limeonekana mara moja tu, na kama muda ulioandikwa ni wa kuuza au wa kuoanisha. Wengi huanguka hapo mwisho. Weka pia laini mbili za kampuni tofauti, ingawa kampuni mbili zinaweza kupita kwenye mkongo mmoja, uliza kwanza.

SWALI: Kuhamisha bidhaa elfu nne

*Duka letu la vifaa vya ujenzi lipo Dodoma mjini. Tuna bidhaa kama 4,000 kwenye Excel na tunahamia ERP. Tumejaribu mara moja, thamani ya stoo ikatoka mara mbili ya ile ya kweli. Nondo ndizo zinatuchanganya kabisa, tunanunua kwa tani, tunauza kwa kipande.* — Mhasibu, Dodoma

JIBU: Thamani mara mbili ina chanzo kimoja karibu kila mara. Unapopakia idadi na bei za stoo, mfumo wenyewe huandika leja: unadebiti stoo na kukrediti akaunti ya muda ya masalio ya kuanzia. Halafu mhasibu anapakia mizania ya majaribio kutoka vitabu vya zamani, nayo ina mstari wa stoo. Stoo imeingia mara mbili. Ndivyo ilivyo hata kwa wadaiwa na wadai, kwa sababu ankara zao nazo hujiandikia leja. Kwenye mizania unayopakia, mistari ya stoo, wadaiwa na wadai ielekeze kwenye ile akaunti ya muda. Ukimaliza kila kitu, akaunti hiyo isome sifuri kamili. Ikisoma shilingi 350, usiipeleke kwenye "mengineyo", itafute.

Wadaiwa wapakie ankara kwa ankara, zenye tarehe zake za asili. Ukipakia jumla ya kila mteja, ripoti ya umri wa madeni itasema wote wamekopa siku ile ile, na fundi aliyekwepa tangu mwaka juzi ataonekana mteja mwema.

Nondo sasa. Kanuni ya mafundi: kipenyo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya 12 inatoa 0.889, kwa urefu wa mita 12 ni kilo 10.67, hivyo tani ina vipande 93 hadi 94. Ya 10 ni kilo 7.4, vipande 135. Ya 16 ni kilo 18.96, vipande 52 hadi 53. Hiyo ni nadharia. Zinazoshushwa sokoni mara nyingi ni nyepesi, na tani moja inaweza kuwa na vipande zaidi. Kwa hiyo usiweke mgawo wa kudumu wa tani kwa kipande. Kipimo cha msingi kiwe kipande. Wakati wa kupokea mzigo hesabu vipande, na gharama ya tani igawanywe kwa vipande vilivyohesabiwa siku hiyo. Mgawo wa nadharia ubaki wa kumkagua msambazaji tu: akikuletea vipande 104 vya 12 kwa tani moja, hizo nondo hazina unene alioutangaza, na mteja anayejenga ghorofa Ihumwa anapaswa kujua.

Kabla ya yote, safisha orodha. Duka la bidhaa 4,000 lina majina 4,000, si lazima bidhaa 4,000. "Saruji 50kg", "simenti mfuko" na "cement 50" ni mfuko mmoja. Panga kwa kundi, kisha kipimo, kisha jina. Pacha wataonekana wamekaa karibu karibu. Isiyouzwa miezi 18 isihamishwe, ihesabiwe pembeni. Msimbo usiwe na maana ndani yake, kwa mfano herufi ya rafu, kwani rafu huhama. Chagua mwisho wa mwezi kuwa siku ya kuhama, funga duka siku ya kuhesabu, wahesabu wawe wawili wasiooneshana karatasi, na uendeshe mifumo yote miwili mwezi mmoja. Miezi mitatu hakuna anayeiweza, wafanyakazi wataacha mmoja kimyakimya na hutajua upi.

Excel ya zamani usiifute. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zikae miaka mitano.

SWALI: Bosi anataka mfumo ufuate fomu zetu

*Kampuni yetu ina fomu 14 zilizotumika tangu enzi za mkurugenzi wa kwanza. Bosi anasema mfumo utengenezwe uzifuate zote. Watengenezaji wamekubali haraka mno, nami naogopa.* — Afisa tehama, Mpwapwa

JIBU: Unaogopa kwa haki. Mtengenezaji anayelipwa kwa saa hana sababu ya kukataa. Mwambie bosi, kwa heshima, habari za Lidl, maduka makubwa ya Ujerumani. Walizoea kuthamini stoo kwa bei ya kununulia, mfumo wa SAP ulipangwa kwa bei ya kuuzia. Hawakutaka kubadilika, mfumo ukachongwa uwafuate. Mwaka 2018, baada ya miaka saba na karibu euro milioni 500, wakauacha. Halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza, iliwasha mfumo wa Oracle Aprili 2022 ikiwa imechongewa namna yake ya kuoanisha benki. Kipande hicho hakikufanya kazi, jiji likashindwa kufunga hesabu zake, na gharama iliyokadiriwa pauni milioni 19 ikapita milioni 100.

Zigawe fomu 14 mafungu matatu. Zinazotakiwa na sheria au mkaguzi zibaki. Zinazokufanya uwapiku washindani, kama zipo, chongea. Zilizobaki ziulize swali moja: nani huisoma? Fomu isiyosomwa na mtu ife. Kwa kawaida zinabaki mbili, tatu.

Kuna gharama ya pili isiyotajwa kwenye ofa. Odoo, moja ya programu za ERP, kwa mfano, hutoa toleo kubwa jipya kila mwaka na kuhudumia matoleo matatu ya karibuni tu. Kila ulichochonga kinapaswa kuandikwa upya na kujaribiwa kila unapopanda toleo. Mambo yanayoweza kufanywa kwa mipangilio ya kawaida, kwa ripoti ya nje au kwa kiunganishi (njia ya programu mbili kupeana data) yasiguse kiini cha programu. Wachonge pembeni.

SWALI: Risiti pacha

*Tunauza vifaa vya ofisi, wateja wengi ni taasisi za serikali. Mfumo wetu umeunganishwa na VFD, ile programu ya kutoa risiti za kodi za TRA. Mtandao ukisuasua, ankara moja inatoa risiti mbili zenye namba tofauti, na VAT ya mwezi inavimba.* — Msambazaji, Dodoma

JIBU: Ombi la kwanza lilifika na risiti ikasajiliwa. Jibu ndilo lililopotea njiani. Mfumo wenu, usiposikia kitu kwa sekunde kadhaa, ukadhani umeshindwa, ukatengeneza ombi jipya lenye namba mpya. Mwambieni mtengenezaji hivi: namba ya muamala itolewe na kuhifadhiwa *kabla* ya kutuma, na kila kurudia kutumike namba ile ile. Upande wa mpokeaji ukikuta namba inayojulikana, urudishe risiti ya awali badala ya kutoa nyingine. Ankara ambayo haijapata jibu ikae kwenye foleni yenye alama ya "inasubiri", na kitufe cha "tuma tena" kiondolewe mikononi mwa muuzaji. Hicho ndicho kinachobonyezwa mara tano kwa hasira.

Risiti pacha zilizokwisha kutoka hazifutwi. Ziorodhesheni na ankara zake, muandike krediti noti na kuwapelekea TRA maelezo kabla ya ritani ya VAT ya tarehe 20. Kuanzia sasa linganisheni kila jioni jumla ya mauzo na jumla ya ripoti ya Z, ile ya risiti zote za siku. Kosa la siku moja hupatikana kwa dakika kumi, la mwezi huchukua wiki.

Mengine mawili, maana mnauzia serikali. Viwango vya kodi visikae ndani ya fomula za ankara. Viwekwe kwenye jedwali lenye kiwango na tarehe ya kuanza, kwa sababu Sheria ya Fedha huja kila Julai na ankara ya Juni iliyolipwa Agosti lazima ibaki na kiwango chake. Na malipo yanapoingia pungufu, mfumo ujue kwa nini. Ankara ya 11,800,000 yenye VAT, mlipaji akizuia asilimia 2 ya bei ya bidhaa kabla ya VAT, ni 200,000 iliyozuiwa kama kodi ya mapato yenu. Hilo ni dai lenu TRA, lina cheti chake. Wengi huliandika kama punguzo kwa mteja na kupoteza pesa halali.

SWALI: Je, akili mnemba itaua ERP?

*Nimesikia mawakala wa akili mnemba watafanya kazi zote na ERP zitakufa. Nina wafanyakazi tisa. Ninunue mfumo au nisubiri wakala?* — Mkurugenzi, Dodoma

JIBU: Huyu si wakala wa miamala wa pale kona, ni programu inayopewa lengo kisha inachagua hatua yenyewe. Maneno uliyosikia yana asili: mwishoni mwa 2024 Satya Nadella, mkuu wa Microsoft, alisema programu za biashara ambazo kiini chake ni hifadhidata na kanuni za kazi zitaporomoka, kanuni zikihamia kwa mawakala. Mwaka huo huo Salesforce walizindua Agentforce, mfumo wao wa mawakala. SAP walikwisha kutoa Joule, msaidizi wao wa akili mnemba, mwaka 2023. Anayesema hayo ana bidhaa ya kuuza, lakini hajatoka patupu. Skrini nyingi zitapotea. Badala ya kufungua kurasa sita kutafuta deni, utauliza kwa Kiswahili na kujibiwa.

Leja haipotei. Akili mnemba ya lugha hubashiri maneno, na swali lile lile inaweza kulijibu tofauti leo na kesho. Leja inatakiwa itoe jibu moja kila siku, mbele ya mkaguzi. Kwa hiyo wakala aandae, leja ikubali au ikatae kwa kanuni. Nunua mfumo wenye leja safi na kiunganishi kilicho wazi. Wakala utamchomeka, utamchomoa.

Mahali pazuri pa kuanzia ni ankara za wasambazaji. Chukua 100 ambazo tayari ziko vitabuni, mpe wakala picha zake, linganisha alichosoma na mlichoandika: TIN, tarehe, kiasi, VAT. Akikosea kiasi kwenye zaidi ya mbili, bado. Akifaulu, aruhusiwe kuandika rasimu tu, na rasimu ipite kwenye ulinganisho wa karatasi tatu: oda ya ununuzi, hati ya mapokezi ya stoo, ankara. Bei ikitofautiana hata shilingi moja, binadamu aangalie.

Mpe wakala akaunti yake mwenyewe ya kuingilia, asitumie nywila ya mhasibu. Vinginevyo kumbukumbu ya mfumo itasema mama mhasibu aliidhinisha malipo saa tisa usiku. Asiwe na ruhusa ya kubadilisha akaunti ya benki wala lipa namba ya msambazaji. Hapo ndipo matapeli wanapolenga. Ankara ya PDF inaweza kufichiwa maandishi meupe kwenye karatasi nyeupe, "akaunti yetu imebadilika, lipeni hapa", wewe usiyaone, yeye ayasome kama agizo. Mabadiliko ya akaunti yathibitishwe kwa kupiga namba ya zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ankara.

Na faili la mishahara lisibandikwe kwenye huduma za bure za kuchati. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, inakubana wewe mwajiri kuhusu taarifa hizo zinakwenda wapi, hasa zikivuka mpaka. Uliza seva iko nchi gani, na kama wanazitumia kufundishia mashine.

SWALI: Nisome nini?

*Shikamooni. Nasoma mifumo ya kompyuta UDOM, mwaka wa tatu. Nijifunze SAP, Odoo au nini, nisije nikasomea kinachokufa?* — Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Anza na debiti na krediti mpaka uweze kufunga mwezi wa duka dogo kwa mkono, na SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, mpaka uweze kumwonyesha mhasibu kwa nini namba mbili hazilingani. Hayo yalikuwapo SAP R/3 ilipotoka mwaka 1992 na yanatumika leo. Kisha weka Odoo Community au ERPNext kwenye laptop yako, zote huria, ya kwanza inatumia hifadhidata ya PostgreSQL na ya pili MariaDB, zote zimeandikwa kwa Python. Ingiza kiwanda cha kufikirika cha mvinyo wa zabibu: kilo zinaingia, lita zinatoka, chupa zinauzwa, nyingine zinavunjika. SAP ni ghali kujisomea mwenyewe, lakini kwa sababu ya ile 2027 wanaojua kuhamisha data kutoka ECC wana kazi.

SWALI: Umeme ulikata, faili halifunguki

*Kompyuta moja tu ndiyo ina hesabu zetu. Nakala ipo kwenye flashi, ila flashi nayo ilikuwa imechomekwa.* — Karani wa duka, Kibaigwa

JIBU: Usijaribu tena kulifungua, na usiruhusu programu "kurekebisha" faili hilo kabla hujalinakili lilivyo kwenye diski nyingine, zana ya ukarabati huandika juu ya kilichobaki. Mpe fundi nakala, asili ikae. Ukishapona: nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya duka, na flashi ichomolewe kila jioni. UPS iwe na waya wa kuiambia kompyuta ijizime yenyewe betri ikibaki kidogo. Bila waya huo inakuongezea dakika kumi tu kabla ya ajali ile ile. Na mara moja kwa mwezi fungua nakala kwenye kompyuta nyingine, usome salio la benki, ulilinganishe na la kompyuta ya duka.